Datsun ya Viti Viwili na Mama Mkwe wa Naitiri

Mimi na mama mkwe wangu tulikaa bega kwa bega ndani ya gari la viti viwili, milango yote miwili imekataa kufunguka, na wazee wa pande zote wamesimama nje wakitutazama. Nimeanzia hapo kwa sababu hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, na nikianza kwa kuzungukazunguka mtadhani kuna kitu nakificha. Kwa asiye wa kwetu Bungoma, nieleze tu kwamba mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha kabisa, hata kama ni kuingia kwenye mahindi ya watu. Kugusana ni jambo la kuitia kikao. Sasa fikiria bega langu liko kwenye bega lake, na kitu pekee kilichotutenganisha ni gia.

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyopata ajali. Naandika kilichovunjika na kilichosababisha, kampuni ya bima inasoma na kuamua. Kwa hiyo nitajaribu kupanga mambo yalivyofuatana, kama ninavyofanya kwa ajali za wengine.

Gari lenyewe nililikuta kwenye shamba moja nje ya Kitale, nilikokwenda kuangalia trekta lililopinduka. Mwenye shamba alikuwa akitafuta ufunguo, nami nikachungulia stoo yake ya mahindi, nikaona pua ndefu imetokeza chini ya magunia. Nikaomba ruhusa ya kufunua. Kuku aliyekuwa amelalia mayai kwenye kiti cha dereva alinitazama vibaya, lakini mimi nilikuwa nimeshasahau trekta. Boneti ilikuwa ndefu utadhani gari zima ni boneti, taa zimezama ndani ya mashavu, paa linashuka taratibu hadi nyuma bila kona hata moja. Datsun 240Z. Nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Nikafungua boneti (hufunguka kinyume na nyingine, bawaba zake ziko mbele), nikapangusa vumbi kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, na nambari ikajitokeza pole pole, ikianza na HS30, maana yake ni gari la usukani wa kulia lililotengenezwa kuuzwa nje ya Japani. Nambari yenyewe imegongwa kwenye chuma, si kibandiko. Nikalala chini kwenye mavi ya kuku na suruali yangu ya kazi, nikaona vyuma vya ziada vimechomelewa mahali ambapo kiwanda hakichomelei kitu. Magari ya aina hii ndiyo yaliyowahi kushinda yale mashindano ya magari ya Pasaka ya zamani, kwenye matope haya haya ya kwetu. Kama hili nalo lilikimbia, siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba nilibaki pale chini nimenyamaza kama mtu aliyeingia kanisani, mpaka mwenye shamba akauliza kama nimeumia.

Nililinunua, nikalipeleka kwa Fundi Barasa mjini Kitale. Alikwangua rangi tabaka baada ya tabaka, akakata sakafu iliyooza, akachomelea nyingine, na zile kabureta mbili akazisawazisha kwa kuzisikiliza, mpira wa maji upande mmoja umegusa kabureta, upande mwingine uko sikioni mwake, kama daktari na kifua cha mtoto. Siku injini ilipowaka, silinda sita zikapokezana sauti moja nyororo, na watu wakatoka kwenye karakana za jirani wakasimama tu. Nasimiyu, mchumba wangu, alikuwa ameniletea chai. Naye alisimama na chai yake mpaka ikapoa.

Sasa tufike kwenye uamuzi mdogo. Siku ya kwenda kwao Naitiri kuzungumzia ng'ombe wa mahari ilipangwa, na mpango ulikuwa twende wote kwa nisani, matatu ya kukodi. Asubuhi hiyo nikapitia karakana "kuangalia tu."

"Usiende na hii," Barasa akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Mlango wa kushoto sijamaliza. Kwa ndani hauna kishikio, kioo hakina mkono wa kuzungushia, spea bado hazijafika. Na hendibreki inashika siku ikipenda."

"Nitaegesha na gia."

"Wekesa, bana, unaenda ukweni. Si mnada."

Nilienda nayo. Baba mdogo Wanyama, ndiye msemaji wetu, alikaa kushoto, na tulipofika nikazunguka mbio kumfungulia mlango kutoka nje (kwa ndani ungefunguka vipi?), naye akadhani ni heshima, akashuka pole pole kama waziri.

Watu wa Naitiri walitoka wote. Mzee Makokha, msemaji wa upande wa pili, alizunguka gari mara mbili mikono ikiwa nyuma, akainama kwenye taa, akajiona kwenye rangi, akarekebisha kofia yake. "Hii imetengenezwa na watu?" akauliza. Nilivimba kichwa. Na kwa sababu ya kuvimba huko, niliegesha juu ya mteremko wa nyasi, pua ikitazama chini kwenye hema la wazee, ili wakizungumza waone uso wake. Nikaweka gia, nikavuta hendibreki. Ufunguo nikauacha mahali pake, maana nani angeiba kwa mkwe?

Kikao kikaanza. Bwana harusi haketi na wazee, kwa hiyo mimi niliwekwa kwenye benchi pembeni na vijana wa boma. Mama Nasimiyu, yaani mama mkwe mwenyewe, alikuwa jikoni nyuma, inavyopaswa. Baadaye kidogo nikaona kwa pembe ya jicho kitenge chake cha manjano kikipita kwenye migomba kuelekea juu kwenye gari, akifuatana na dada yake Nekesa. Mkwe mwenye adabu hufanya nini akiona hivyo? Anageuka. Nikageuka. Nikawapa mgongo kabisa, nikajisifu moyoni jinsi nilivyolelewa. Kama ningekuwa na adabu kidogo tu pungufu, ningewaambia watoke kwenye gari na leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Nikasikia mlango umefungwa. Kisha sauti ya Nekesa: "Usikae kama mgonjwa! Shika gia, shika kama dereva nikupige picha!"

Shika gia.

Nikageuka. Gari lilikuwa linashuka. Halikupiga kelele yoyote, lilikuja tu, zuri ajabu, jekundu kwenye nyasi za kijani, na ndani yake mama wa watu amefungua mdomo bila sauti kutoka. Nekesa alikimbia pembeni ameng'ang'ania kishikio cha nje cha mlango wa kushoto, akavuta, kikang'oka, akabaki nacho mkononi. Wazee kwenye hema waliinuka na viti vyao. Mimi sikumbuki kuamua. Nilijikuta nakimbia upande wa dereva, nimefungua, nimeruka ndani nusu kwenye kiti na nusu kwenye gia, mguu unatafuta breki. Nikaipata. Nyasi zilikuwa na unyevu, kwa hiyo magurudumu yalisimama na gari likaendelea. Tukapita mbele ya hema tukiteleza, mimi na mama mkwe, bega kwa bega, tukitazamwa na kila mtu aliyekuja kuamua kama ninafaa. Nikakata kona, magurudumu ya mbele yakaingia kwenye mtaro wa maji, na ubavu wangu ukaegemea rundo la matofali yaliyokuwa yakingoja kuchomwa, refu kuliko gari.

Gari likasimama.

Mlango wangu, matofali. Mlango wake, Nekesa anao mkononi. Kioo chake hakishuki. Mama akavuta leso ya mabegani akajifunika uso, akageukia kioo. Mimi nikageukia matofali. Nafasi ya kusogea haikuwepo, gari hilo halikutengenezwa na mtu mwenye mama mkwe.

Nje yakaanza mabishano.

"Tusukume lirudi juu!"

"Usukume na mama ndani? Umelewa saa hii?"

"Basi leteni rungu, tuvunje kioo."

"Kioo hapana!" nikapiga kelele, kabla akili haijafika. Kioo cha kiwanda, chenye chapa yake kwenye pembe, nimekitafuta dunia nzima na hakuna. Hata mimi nilijisikia nilivyosikika: mkwe anayeona kioo ni bora kuliko mama.

Kisha chini ya leso ikatoka sauti.

"Gari."

Nikadhani amechanganyikiwa.

"Gari, mwambie huyo mwenye kukuendesha kwamba amesema kweli. Kioo kama hiki watakitoa wapi?"

Nikaelewa. Haongei na mimi, kwa hiyo hajavunja kitu. Nikaiambia dashibodi: "Gari, mwambie mama asante. Na umwambie nimefunga macho."

"Gari, nikiwa msichana mdogo tulipanda kwenye ukingo wa barabara huko Webuye kuwaona wenzako wakipita. Tulingoja kutwa nzima. Mmoja wenu akapita amejaa matope hata taa hazionekani, sauti yake ikaingia hapa kifuani, na sikuona vizuri kwa sababu ya kulia. Sijui nililia nini. Tangu siku hiyo nataka kujua ndani kukoje." Akarekebisha leso. "Mwulize kama bado unaweza kunguruma."

Nje Mzee Makokha alikuwa anauliza kama kuna mtu mwenye kamba. Nikazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja, nikaikanyagia kidogo, na ile sauti ikagonga matofali ikaturudia, ikapanda kutoka sakafuni mpaka kwenye meno. Bega lililokuwa likigusa langu lilitetemeka, na sikujua kama ni gari au ni yeye. Sikutazama. Kuku walikimbia, ng'ombe wa jirani akainua kichwa. Nikazima.

"Haya," ile leso ikasema. "Nimesikia."

Sehemu iliyobaki ingekuwa bora isiandikwe. Mlango wa nyuma, ule wa mizigo, hufunguliwa kwa ufunguo kutoka nje, kwa hiyo nikaupitisha ufunguo dirishani kwenye upenyo mdogo kando ya matofali, na kijana mmoja akaupokea. Ikabaki nani atoke kwanza. Wazee waliamua mimi, maana mama hawezi kuinuliwa na mkwe akiwa bado ndani. Mama Nasimiyu akaifungua leso akaishika wima kati ya viti kama pazia, nami nikatambaa kinyumenyume kwenda kwenye nafasi ya mizigo, suti nimeishonesha kwa siku hiyo hiyo, na nilipotanguliza miguu nje suruali ilikwama kwenye kufuli ya mlango ikachanika kuanzia kiunoni. Sauti yake ilisikika vizuri. Upepo nao niliusikia. Wakwe zangu wote walikuwa upande huo.

Wanawake wakaja na shuka wakalizingira gari, Mama Nasimiyu akatoka humo wima, leso imekaa sawa, akarudi jikoni bila kumtazama mtu. Gari lilivutwa na fahali wawili. Mimi nilifungwa kitenge cha Nekesa kiunoni, na kikao kikaendelea nikiwa hivyo.

Hapo ndipo jambo likawa gumu. Mzee Makokha alisimama akasema: "Mwiko wetu uko wazi. Mkwe akimgusa mama, analeta kondoo, tunasafisha, tunaendelea. Lakini huyu bado hatujapokea ng'ombe wake hata mmoja. Kama ni mkwe, alete kondoo. Kama si mkwe, basi hakuna mwiko uliovunjwa. Ni msamaria tu alisimamisha gari, tumshukuru, aende kwao."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nikikosa kosa, nakosa mke. Baba mdogo Wanyama alielewa mara moja, akaruka kwenye kiti. "Tuna makosa!" akasema. "Makosa makubwa sana! Wote mmeona! Bega kwa bega, ati si mmeona?"

"Sisi hatukuona kosa lolote," akajibu mjomba wa Nasimiyu, mtu mpole ambaye hajawahi kunipenda. "Kijana ni mwema. Hana hatia kabisa."

Wakabishana mpaka chakula kikapoa, watu wetu wakinishtaki kwa nguvu zote na watu wao wakinitetea. Mwishowe wakasema jambo kama hili halijawahi kutokea, kwa sababu gari kama hili halijawahi kufika, na kwamba watakwenda kuwauliza wazee walioko Bungoma mjini. Tarehe haikutajwa.

Nimejifunza, na nasema mbele yenu: ukweni sitaenda tena na gari ambalo fundi hajalimaliza, na nikiegesha mahali ufunguo utakuwa mfukoni. Barasa ameshafunga kishikio kipya kwa ndani na cha nje amekirudisha mahali pake, na hajasema "nilikuambia," anapiga mluzi tu. Nasimiyu hunipigia kila jioni. Anasema nyumbani kwao wamegawanyika, na mama yake, ambaye neno lake moja lingemaliza yote, ameulizwa na kila mtu na hajajibu upande wowote.

Kondoo nimeshamnunua, dume mweupe asiye na doa, nimemfunga nyuma ya nyumba hapa Kitale. Anakula vizuri na ananenepa. Mpaka leo ninapoandika, hakuna mtu wa Naitiri aliyenipigia kumdai.