Taya la Dada Juu ya Meza

Niliyaona meno ya dada yangu mezani kwa daktari, na dada mwenyewe alikuwa ameketi ubavuni kwangu, mdomo kauziba kwa khanga. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Uvimbe ulikuwa umemla taya la chini, akawa anaishi kwa uji, na sauti yake ilitoka nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

Daktari alitueleza taratibu. Picha za mifupa alizopigwa Dar es Salaam zilipelekwa Ulaya, na huko mashine ikazifuata, ikajenga tabaka juu ya tabaka taya la plastiki, mfano kamili wa lile la dada, la kufanyia mazoezi. Daktari mgeni aliyelileta Ifakara alikuwa akiwafundisha madaktari wetu kutoa uvimbe bila kugusa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa. Ukikatwa huo, mdomo unakufa ganzi maisha yote.

Shangazi alikuwa ametoka Mkula asubuhi ile, matope ya shamba la mpunga bado yamemganda miguuni. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lake. Kwetu nywele zilizonyolewa hufukiwa, kucha hazitupwi ovyo. Na hapa taya zima, hata lile jino lililompanda mwenzake, lilikuwa limepita mikononi mwa watu tusiowajua. Mimi wa sekondari nilitaka kumcheka shangazi. Nikalitazama lile jino, kicheko kikanikauka.

Shangazi aliuliza ni nani waliolishika. Wengi, daktari akasema. Na mengine kama hili yapo mangapi? Daktari akasita, kisha akasema yeye analijua hilo moja tu. Kule kusita hakukunipendeza.

"Shangazi," dada akasema, "mimi nataka kula."

Shangazi akalichukua taya kwa pindo la khanga, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa na alama za msumeno.

"Mkato huu uliovuka mstari mwekundu ni wa nani?"

Mstari mwekundu ndio uliokuwa mshipa. Daktari akaitazama mikono yake.

"Wangu, mama. Nilikosea."

"Mdomo wa mwanangu ungekufa."

"Ungekufa."

Nilijua tunaondoka. Lakini shangazi alilirudisha taya mezani, akavuta kiti karibu.

"Kata tena. Nikuone."

Akakata. Vumbi jeupe likamwagika mezani, msumeno ukapita kandokando ya wekundu bila kuugusa. Shangazi hakutazama taya hata kidogo. Alitazama vidole vya yule daktari kijana, kama anavyotazama mizani ya wanunuzi wa mpunga. Kisha akaomba karatasi ya ridhaa, akabonyeza dole gumba.

Dada alipozinduka wodini baada ya upasuaji, shangazi alimgusa mdomo kwa ncha ya kidole na kumuuliza kama anasikia. Dada akaitika kwa kichwa. Shangazi akamwambia afumbe macho, akamgusa tena mahali pengine, akamtaka aonyeshe kwa mkono ni wapi.