Make Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, Shinyanga mjini, Mkuu wa Idara ya Ramani alinionyesha kompyuta tatu za mezani akasema, "Hizi ndizo shamba lako. Zikilala, nasi tumelala." Ilikuwa miaka ya tisini, kampuni yetu ikitafuta dhahabu. Nilikuwa fundi wa kompyuta peke yangu, na nilipenda kuwa peke yangu.

Baadaye nilihamishiwa Kahama, kisha kambini karibu na Bulyanhulu. Kule tulitumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao msimbo wake, yaani maandishi yaliyouunda, uko wazi kwa kila mtu. Programu nyingi hazikuja tayari kama siku hizi. Tuliletewa msimbo kwenye CD, tukaziunda wenyewe kwa chombo kiitwacho make: kinasoma maelekezo, kinajua faili lipi litangulie, mwisho kinakutolea programu inayofanya kazi.

Ndipo akaja Kabula, fundi mwenzangu, binti kutoka Masumbwe, mdogo kwangu kwa miaka sita. Aliniita kaka, na kila asubuhi aliniamkia. Haukupita mwezi, wanajiolojia wakawa wanaipita meza yangu bila kusimama, wanakwenda kwake. Chai ilinichachia mdomoni.

Wiki moja programu ya kuchora ramani za mashimo yanayochorongwa kwenye miamba kutafuta dhahabu ilihitaji kuundwa upya. Kabula akajaribu, make ikakataa, ikilalamikia mstari usio na kosa lolote. Mtambo wa kuchoronga ulisimama porini ukisubiri ramani, na Mkuu wa Kambi akawa anakuja kuuliza asubuhi na jioni.

Mimi nilijua. Siku chache kabla nilikuwa nimeweka make nyingine, ya zamani, kwenye kompyuta hiyo hiyo kwa kazi yangu fulani. Zote mbili zina jina moja, na kompyuta huchukua ile inayoikuta kwanza kwenye orodha yake ya njia, yaani folda inazozipekua kwa zamu. Ilikuwa inaikuta yangu. Sentensi moja ingetosha. Nilinyamaza siku tatu, nikimtazama akisoma maelekezo mstari kwa mstari mpaka macho yakawa mekundu, na niliona raha.

Siku ya nne aliiuliza kompyuta ni make ipi inayoitika. Ikamjibu, na penye mmiliki wa faili pakaandikwa jina langu. Akanigeukia.

"Kaka, ulijua?"

"Nilijua."

Aliipanga upya orodha ya njia, programu ikaundika, ramani zikatoka. Mkuu wa Kambi alipouliza kilichotokea, Kabula alimwambia kulikuwa na make mbili zinazogongana, basi. Alipongezwa mbele yetu sote. Hata hapo, akiwa amenisitiri, nilimwonea wivu kwa zile pongezi.

Mwaka uliofuata, akiwa tayari amefanywa mkuu wa mafundi, Kabula alihamishiwa Mwanza. Mkuu wa Kambi akaniita ofisini. "Nimemuuliza Kabula nani anafaa kushika nafasi yake," akasema. "Amekutaja wewe."

Nafasi hiyo ndiyo iliyonipandisha ngazi hadi nikastaafu. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia wasilaumu msimbo kabla ya kuuliza ni chombo kipi kinachoitika. Nalifundisha hilo kama langu. Ni la Kabula.

Mwezi uliopita alinipigia, bila shaka kunipongeza kwa kustaafu. Niliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza.