Nilivyomsemea Mdogo Wangu

Kazi yangu Mbinga mjini ni kutafsiri sinema. Picha inakwenda ukutani, mimi nimekaa pembeni na maiki, wao wanaongea Kiingereza chao na mimi nawashushia watu Kiswahili papo hapo. Banda letu liko karibu na stendi, mabenchi ya mbao, spika moja kubwa. Msimu wa kahawa linajaa mpaka watu wanasimama mlangoni, na mtu aliyetoka kuchuma kahawa hana subira. Ukikwama kidogo tu unasikia, "Wee, umelala?"

Mwaka ule zilizokuwa zikijaza banda ni zile sinema za vijana katika nchi iliyoharibika: serikali katili, ukuta mrefu, watoto wanapangiwa maisha, halafu msichana mmoja anakataa. Nyingi zimetolewa vitabuni. Mimi vitabu hivyo sikuvijua. Aliyevijua ni mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na akiazima vitabu kwa masista wa parokia. Kimoja alikisoma mara tatu. Tulipoipata sinema yake nikamwambia aje Jumapili baada ya misa, akae benchi la mbele, bure.

Tuseme ukweli, sinema ile ilikuwa na nguvu zake. Kitabu kilitumia sura nzima, mdogo wangu aliniambia, kuueleza uwanja ambako watoto wa miaka kumi na sita wanaitwa jukwaani mmoja mmoja kuambiwa kazi watakayofanya mpaka kufa. Sinema iliyamaliza yote kwa picha moja: umati umevaa kijivu, hakuna anayekohoa. Banda zima likanyamaza, hata muuza karanga. Mzee mmoja wa Mkumbi, ambaye sidhani kama amewahi kushika kitabu zaidi ya kile cha nyimbo za kanisani, akasema kwa sauti, "Hawa watoto wanaonewa." Kitabu cha masista kisingemfikia yule mzee hata siku moja.

Lakini upuuzi nao haukukosa. Huyo msichana wa miaka kumi na sita kachezwa na mwanamke mzima, ukikutana naye njiani unampa shikamoo. Wanasema wana njaa, mashavu yanang'aa. Wavulana wawili wanamgombania mpaka unasahau kwamba kuna serikali inaua watu. Halafu kitabu cha mwisho cha mfululizo wakakikata sinema mbili, tukabaki tunaisubiri nusu ya pili. Hayo yote mdogo wangu aliyavumilia. Lililomuudhi ni kwamba kitabuni uko kichwani mwa yule msichana tangu ukurasa wa kwanza, unajua anavyoogopa na anavyokasirika, lakini kwenye sinema amebaki macho tu na muziki.

"Wamemnyang'anya mawazo," aliniambia tukirudi nyumbani. "Na wewe kaka ukamnyang'anya maneno machache yaliyobaki."

Alikuwa na haki. Pale jukwaani msichana anasema kwa ufupi kabisa: "Sitaki. Hamkuniuliza." Mimi nilitupa jicho kwenye mabenchi, nikaona wazee wamejaa, nikasema kwenye maiki: "Wazee wangu, nawaheshimu, naomba mnifikirie." Watu wakapiga makofi. "Binti ana adabu huyo!" Nikajiona fundi.

"Yule hakuomba, alikataa," mdogo wangu akasema. "Kwa nini umempigisha magoti?"

Nikamwambia aache utoto. Huwezi kuwaonyesha watu wa hapa mtoto anayewajibu wakubwa namna ile, wataondoka. Akacheka kwa hasira, tukaishia hapo.

Haukupita mwezi majina yakatoka. Alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, masomo ya sayansi, shule ya mbali. Wiki hiyohiyo shangazi yetu wa Lipingo, kule ziwani, aliteleza akavunjika nyonga. Hakujaliwa mtoto, na alihitaji mtu wa kukaa naye. Ukoo ukaitisha sengu. Sengu kwetu Wamatengo ni kula pamoja na kuamua pamoja, na linaloamuliwa pale halirudiwi. Katika ukoo wetu binti hajisemei pale. Husemewa na baba au kaka. Baba alikuwa ameshafariki, na kaka ni mimi.

Kabla ya kikao alinivuta nyuma ya jiko. "Sema hivi hivi, usiongeze wala usipunguze: Sitaki kwenda Lipingo. Nampenda shangazi, lakini nafasi hii haitarudi. Mkinipeleka, mjue mmenipeleka kwa nguvu." Akanitaka niyarudie mara mbili. Niliyashika bila kukosea.

Tukala ugali na maharage. Baba mkubwa akanigeukia. "Haya, binti anasemaje?"

Nikazitazama zile nyuso, na mdomo ukafanya kazi uliyoizoea. "Anawashukuru wazee. Masomo anayapenda, ila anasema yuko chini yenu. Mtakaloona ni jema, na kwake ni jema."

"Mtoto kalelewa huyu," baba mkubwa akasema, na shauri likaisha. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, amesikia kila neno. Akawamwagia wazee maji mikononi, mmoja mmoja, akamalizia na mimi. Nilijiambia nilichosema kilikuwa adabu, lakini ulikuwa woga wangu mtupu, na naona aibu mpaka leo. Nafasi ya kidato cha tano usiporipoti anapewa mwingine.

Mwaka uliofuata nikashuka Lipingo na kompyuta ya banda begani, mjinga mimi, nikidhani sinema ya kile kitabu chake itamlainisha. Shangazi alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, msema ovyo wetu wa Mbinga! Karibu."

Jumapili mchana tukakaa sebuleni watatu, usipa, dagaa wa ziwani, umeanikwa nje kwenye chanja. Nikatafsiri kama kawaida, shangazi akicheka. Msichana alipopanda jukwaani, mdogo wangu akaninyooshea kiganja.

"Hapa nyamaza. Nasema mimi."

Akasema. "Sitaki kwenda Lipingo. Nampenda shangazi, lakini nafasi hii haitarudi. Mkinipeleka, mjue mmenipeleka kwa nguvu."

Shangazi akageuka. "Lipingo imeingiaje humo?"

"Hayo ndiyo niliyoyatuma kwenye sengu, shangazi."

"Haiwezekani. Baba yako mkubwa alinipigia simu mwenyewe, akaniambia binti karidhia. Nani aliyewaambia umeridhia?"

Mdogo wangu hakunitaja. Hata hakunitazama.

"Mimi," nikasema.

Shangazi akaiegemeza fimbo yake ukutani. "Nilipovunjika, mjane wa nyumba ya pili alitaka kuja kukaa na mimi," akasema. "Alikuja na kitanda chake kabisa. Nikamrudisha, nikamwambia wa kwangu anakuja kwa moyo wake."

Mdogo wangu akainuka, akatoka nje kugeuza usipa.