Doa Katika Glasi ya Ghzala

Saa moja asubuhi, Ijumaa, Ghzala Bittan anavunja yai la nane. Halimimini bakulini. Analitia kwanza kwenye glasi, anaiinua dirishani na kuuliza, "Nani ndani?" Akisharidhika, anamimina.

Mnakijua kitendawili cha nyumba isiyo na mlango. Jibu ni yai. Ila hapa Hara Kebira, mtaa wa Wayahudi kisiwani Djerba, Tunisia, kitendawili hakiishii hapo, kwani damu hailiwi. Yai lenye doa hutupwa.

Ghzala, mwenye miaka 67, hupika minina, mayai na kuku wa kuokwa pamoja, kwa nyumba tisa zisizo na mpishi wa Sabato. Sinia moja ni dinari thelathini na tano. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, marehemu Kmissa, pamoja na glasi na swali lake.

Anasimulia huku akivunja. Mwaka wa vita vya dunia, kabla Ghzala hajazaliwa, Kmissa alikuwa na mayai matano na watoto wanne. La mwisho alilivunjia bakulini kwa haraka, na doa likaelea juu ya mengine. Akamwaga yote uani.

"Dada zangu walilia," anasema Ghzala. "Mama akawaambia, njaa itapita, ila nikiwalisha hiki, nitakitoaje tumboni mwenu?"

Yai la kumi na moja. Anainua, anauliza, anamimina. Mkwewe Rahel, aliyekuwa akimenya vitunguu, anaweka kisu chini.

"Mama, hilo umelitazama?"

"Nilianza kutazama mayai wewe hujazaliwa."

Rahel hacheki. Anachota bakulini kwa kijiko kitone chekundu, kidogo kama kichwa cha kiberiti.

Ghzala anakaa. Anakiri kwamba tangu Hanuka, sikukuu ya Desemba, jicho la kulia lina ukungu, na sasa la kushoto linafuata. Hakumwambia mtu. Anachoogopa si giza. Ni zile Ijumaa zilizopita.

"Nimewalisha nini watu?" anauliza. "Wao hawatazami. Wanasema, ni cha Ghzala, kuleni."

Rahel anamsihi kwa upole anyamaze: wamwage hayo, waanze upya, nani atajua?

"Mimi nitajua. Na mama yangu alikwishajua: kikishaliwa, hakitoki."

Anabeba bakuli mwenyewe, akipapasa ukuta, na kumwaga uani. Kabla ya adhuhuri atakwenda kwa rabi kumweleza yote, hata kama nyumba zote tisa zitamkataa. Baada ya Pasaka atapasuliwa jicho hospitalini mjini Sfax. Anatumaini kuishika tena glasi.

Kwa sasa amempa Rahel. Yeye amekaa nyuma yake, mikono mapajani, akisikiliza ganda likipasuka.

"Nani ndani?"

"Hakuna mtu, mama."

Ghzala anasogeza kiti mbele.

"Tazama tena."