Saa Kumi na Tatu za Kukaa Kitako

Walimwita Pia, na hawakumsingizia. Dobi yule alizunguka kama pia ya watoto tangu alfajiri mpaka giza, pasi mkononi, shuka za hoteli mbele yake, mguu mmoja tayari kwenda kwenye kamba za nguo uani. Chakula alikula amesimama. Wageni aliwapokea amesimama, mpaka wenyewe wakaona haya kukaa.

Ndipo binti yake wa pekee, aliyekuwa akiishi ng'ambo, akapiga simu. Mimba imefika mwezi wa nane, madaktari wameamua kumpasua, na hana mtu wa kumshika mkono. Tiketi ameshatuma. Ni kilomita elfu kumi na moja, alisema, ila ndege haitui popote njiani. Saa kumi na tatu tu, mama, unakaa na kufika.

Unakaa! Pia hakuogopa mji wa mbali wala kuruka angani. Kukaa ndiko kulikomtia kiwewe.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, mtu aliyekula jasho lake akiwa kitini, alijitwika ualimu. Aliweka kiti cha mbao karibu na ukuta, akamfunga mkewe kwa mkanda wake wa suruali, akarudi kwenye redio huku suruali ameishika kwa mkono. Kufumba na kufumbua Pia alikuwa uani anaanua nguo, mkanda bado kiunoni. Kesho yake yakawa yale yale. Siku ya tatu alitangaza kwamba haendi, tiketi irudishwe.

Mzee alizima redio.

"Mwanao anapasuliwa, wewe unaniletea habari za kiti?"

Pia aliendelea kukunja shuka iliyokwisha kukunjwa. Kisha akasema, bila kumtazama, "Nikikaa, namsikia mwanangu akiondoka."

Akamweleza. Siku binti alipoondoka, teksi ikipiga honi nje, yeye hakutoka. Alimuaga amempa mgongo, anapiga pasi, akisingizia shuka za watu, kwa kuwa aliogopa kulia, mpaka mlango ukafungwa nyuma yake. Miaka sita sasa. Kila akitua kitini anausikia mlango ule ukifungwa, na roho inamuuma mpaka ainuke. Saa kumi na tatu za mlango ule, nani angeziweza?

Mzee alikuna kidevu. Maneno matamu hakuwa nayo, alikuwa na lori lake tu.

"Mke wangu, nimeendesha maisha yangu yote. Sijawahi kufika popote nikiwa nimesimama."

Basi akaenda. Ndani ya ndege alijikaza kisabuni, akafunga mkanda hata kabla ya kuambiwa. Mbele yake kioo kidogo kilionyesha ramani, na juu ya ramani kindege kilichotambaa kwa uvivu wa kukera. Akausikia mlango ukifungwa, akalia. Ukafungwa tena, akalia tena, jirani akampa leso. Vidole vilikunja na kukunjua blanketi, lakini hakubanduka, na kila alipotazama, kindege kilikuwa kimesogea kidogo.

Katikati ya safari mhudumu, msichana wa rika la binti yake, aliinama akamshauri ainuke anyooshe miguu, maana si vizuri kukaa hivyo muda mrefu.

Pia aliishika mikono ya kiti.

"Niache hapa hapa, mwanangu," alisema. "Nikisimama nitachelewa."