Sindano Kabla ya Jina

Je, niliinua sindano Ijumaa ile, au nilichelewa? Swali hilo limeninyima usingizi wiki nzima, tangu nilipoona tangazo mjini Tororo: yule mwimbaji wa mashambani anarudi kutuimbia "nyimbo zake". Zake! Ngoja nikueleze, rafiki yangu, ujue kwa nini nililitemea mate.

Enzi za utawala wa wanajeshi hapa Uganda, alivukia Busia, upande wa Kenya, akarekodi santuri. Nyimbo kumi, zote za mtunzi mmoja: mwalimu wangu wa darasa la tatu, mwenyeji wa Mwello, aliyetunga kwa Kidhopadhola, lugha ya kwetu, huku akisahihisha hesabu zetu. Kulikuwa na wimbo wa chai isiyo na sukari, na wa sabuni iliyokatwa nyembamba mpaka ukaona jua ndani yake. Na ule wa jogoo aliyejipachika medali. Jogoo huyo hata wewe unamjua.

Kwa desturi ya huku, mwimbaji akimaliza humtaja mtunzi, jina na kijiji, kumpa heshima yake. Naye, ndani ya santuri hiyo, akamtaja mara kumi. Yeye yuko Kenya, anakunywa chai yenye sukari. Mwenye jina yuko Tororo, chaki mkononi.

Bibi aliivusha santuri kimagendo chini ya dagaa, na harufu haikuitoka kamwe. Aliipenda mno. Alikaanga karanga huku akichezesha mabega, nami kazi yangu ilikuwa moja: kusimama kando ya gramafoni na kuinua sindano kabla jina halijatoka.

"We mtoto, inua!"

"Bado, bibi. Gita linaendelea."

"Hiyo gita itatuzika. Inua!"

Ijumaa moja mwanajeshi alisimama dirishani wimbo wa jogoo ukielekea mwisho.

"Mama, hii nyimbo tamu. Ya nani?"

"Afande, mimi mtu wa mjini, Kidhopadhola nimekijulia wapi? Chukua karanga."

Alichukua sufuria nzima. Mkono wangu ulikuwa juu ya santuri, na hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika. Jumatatu mwalimu hakuja darasani. Hesabu za Ijumaa zilibaki ubaoni mpaka tukazifuta wenyewe. Bibi aliivunja santuri, akaichoma jikoni, na hakukaanga karanga tena.

Nimesoma mpaka chuo kikuu na bado sijui. Labda wanajeshi walilisikia jina lake baa. Labda kila nyumba yenye gramafoni ilikuwa na mtoto aliyechelewa.

Jana mchana nilikwenda kumsikiliza. Mjane wa mwalimu alikuwa amekaa viti vya nyuma, mkoba magotini. Mwimbaji, amenenepa na kung'aa, akaimba wimbo wa jogoo. Gita likafika pale ambapo mkono wangu unapajua. Nikangoja. Akainama, akapokea makofi, basi. Jina lilipoweza kuua alilitaja mara kumi. Sasa linapoweza kumrudishia mtu heshima, amelimeza.

Mkono wangu ulikuwa umeinuka wenyewe, kwa mazoea. Nikaushusha. Nikapanda juu ya kiti, nikalitaja jina la mwalimu na kijiji chake, kwa sauti niliyoibana tangu utotoni.

"Kaa chini, we!" mtu akanifokea.

Wimbo wa pili ulipoisha, nikalitaja tena. Kufikia wa tatu, mjane alikuwa amesimama, na hakuna aliyethubutu kumkalisha.