Siku Tuliweka Anteni mu Bato ya Citoyen Ingénieur

Baba alikuwa électricien ku fourneau, kule kwenye shaba inayeyuka na moshi inatoka. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: kutoka mule mu moshi, apewe nafasi mu atelier ya kutengeneza radio, ku bureau za katikati ya muji, kwenye bantu banatumika bameikaa. Wakati anakohoa, mama alikuwa anaacha kusonga bukari, anangoja kikohozi imalizike.

Ile nafasi ilikuwa mu mikono ya mukubwa wake, citoyen ingénieur; siku zile kila bwana aliitwa citoyen. Ule mukubwa alikuwa amenunua bato ya tanga kwa Mubelge mumoja mwenye alirudia kwabo; iko ku ziwa ya barrage, kwenye banazuia mto, ukipita Likasi. Siku moja upepo ulimukatikia katikati ya maji, akalala mule mu majani mupaka kesho yake. Njo akamuambia baba: “Citoyen, niwekee radio mu bato. Ikisema muzuri, mwezi yenye kuya uko mu atelier.”

Baba alinipeleka naye sababu mi nasoma Kifaransa mbio, na barua zake zote mi njo nilikuwa namusomea. Mu njia, ndani ya camionnette, nilimusomea karatasi ya anteni: kati ya anteni na mulingoti lazima kuweka rondelle, kiduara ya plastiki, chuma isiguse chuma. Baba akacheka.

“Benye kuandika ile habayatumika ku fourneau.”

Ku fourneau sheria ni moja: chuma yote iguse chuma, na chuma iguse udongo. Rafiki yake alikufaka na umeme ku moteur yenye haikufungwa ku udongo. Baba mwenyewe njo alimubeba. Basi, tulipofika, tulilalisha mulingoti, baba akakwangula rangi mupaka chuma ikangaa, akakaza anteni pale na nguvu yake yote. Rondelle akaiacha mu kikopo ya misumari. Mi nikakunja karatasi bila kumukumbusha. Mi ni muntu wa haya, hata kwetu.

Radio ya pili ilikuwa ku baraza ya nyumba ya citoyen ingénieur, pale pembeni ya maji; sentinelle, mulinzi wake, njo alikuwa anaishika. Tulipokuwa mu bato, tungali karibu na nyumba, baba akaita: “Allo, unasikia?”

“Nasikia, papa! Hata bila radio nasikia!”

Tulicheka sisi bote. Lakini katikati ya ziwa, radio ilisema paka shhhh. Baba akaangalia fiche ya waya, akaifungula, akaifunga tena. Akafuata kamba ya anteni na vidole, kipande kwa kipande. Shhhh. Tukarudia ku inchi kavu. Citoyen ingénieur alisimama na abacost yake, suti ya bakubwa, anaangalia saa.

“Électricien wa namna gani huyu? Miaka kumi na tano ku kazi!”

“Labda batterie iko zaifu, citoyen,” baba akasema. Jasho ilikuwa inamutoka.

Batterie haikuwa zaifu. Niliona mushale ya appareil ya kupimia wakati baba anaipima. Nilitaka kumunongoneza, lakini mukubwa alikuwa amesimama kati yetu. Nikawaza: nikinyamaza, atelier imekwenda. Nikasema:

“Ni ile rondelle. Anteni inagusa mulingoti.”

Baba hakuniangalia. Tukalalisha mulingoti tena, akaweka rondelle, tukarudia katikati ya maji pamoja na mukubwa, na sauti ya sentinelle ikatoka safi kabisa:

“Chef, madame anauliza mutakuya kula saa ngapi!”

Karibu nilie na furaha. Nilizani tumeshinda.

Citoyen ingénieur akacheka sana. “Ah, citoyen! Kumbe binti njo mufundi! Sasa mu atelier nitie nani, weye ao yeye?”

Baba akacheka naye. Kile kicheko nilikuwa nakiyua, anakiweka kwa bakubwa tu.

Tukarudia kwetu na camionnette, tukapita Likasi. Mi nikasema, “Baba, unisamehe.”

“Juu ya nini? Ulisema kweli.” Camionnette ikakwenda, ikakwenda. Kisha: “Ungenivuta shati. Ningeelewa.”

Mwisho wa mwezi nafasi ya atelier ilipewa kijana mumoja, mutoto wa dada ya citoyen ingénieur. Mama anasema nafasi ilikuwa ya huyu kijana tangu zamani, hata radio ingeimba. Labda. Baba hakusemaka vile hata mara moja, na mi siwezi kumuuliza.

Ku fourneau habari ilimutangulia kufika. Banamuita “Mwanafunzi”. Banapita mbele ya nyumba banapaza sauti: “Mwanafunzi, umemaliza devoir ya shule?” Anabajibu na muzaha, anaingia, anafunga mulango.

Juzi barua ya kampuni ilifika, mu Kifaransa. Nilikuwa nimeikaa pale ku meza. Baba aliichukua, akavaa viatu, akaipeleka kwa jirani asomewe.